Vidole Vyenye Kahawa

Mashine ya kwanza ya kupimia sukari iliyoingia nyumbani kwetu ilikuwa inahesabu kwa kurudi nyuma. Ukishaiwekea damu inaanza thelathini, ishirini na tisa, ishirini na nane, mpaka ifike moja, halafu inatulia kidogo kama mtu anayetafuta neno, ndipo inatoa namba. Hii aliyonayo mjukuu wangu hapa mjini Kimandolu inahesabu tano tu. Kabla sijameza mate imeshamaliza. Watu wanaisifu kwa haraka yake, nami sibishi. Lakini ile ya thelathini ndiyo ninayoitamani.

Mume wangu alikuwa Mmeru. Mimi nimetoka Uchagani, nikaja kuolewa huko juu ya Makumira nikiwa na darasa la nne na sanduku moja la bati. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya migomba, kahawa chini ya migomba, na nyuma ya yote mlima. Hapa barazani kwa binti yangu nauona mlima uleule, ila kwa ubavu mwingine, kama mtu unayemjua akiwa amegeuza uso.

Nilizaa naye watoto sita, tukazika mmoja. Tulilima, tukajenga nyumba ya matofali baada ya ile ya mbao, tukasomesha. Lakini kushikana mikono hatukujua. Njiani alitangulia yeye, nami nyuma na mzigo, ndivyo tulivyowakuta wazee wetu. Siku ya ndoa mchungaji alituunganisha mikono mbele ya watu, na ibada ilipokwisha kila mkono ukarudi kwenye kazi yake.

Basi, ugonjwa ulianza kwa kiu. Akawa anakunywa maji mtungi mzima, na nyuma ya nyumba, pale alipozoea kujisaidia haja ndogo, wakaanza kujaa sisimizi. Mama mkwe wangu, aliyekuwa hai bado na macho yake makali, ndiye aliyewaona. Akaniambia nimpeleke mwanawe hospitali, kwa sababu sisimizi hawafuati kitu bure. Mjini wakampima, wakasema ni kisukari. Wakampa vidonge, kimoja asubuhi kimoja jioni, na siku ya kliniki mara moja kwa mwezi.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipofungua soko kwa wafanyabiashara binafsi. Vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa watu waliosafiri vikawa vinapangwa kwenye meza za soko la Levolosi: redio, viatu, sabuni za kila rangi. Maduka ya dawa ya watu binafsi yakafunguliwa mjini, yana vioo na taa mchana. Katika duka la namna hiyo ndimo binti yetu wa kwanza, aliyekuwa karani mjini, alimoikuta hiyo mashine. Alituletea siku ya Jumapili, imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Ilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na pamoja nayo kikopo cha vijiti vyembamba vya kuwekea damu, sindano zake, chupa ndogo ya spiriti na pamba.

Alinifundisha mimi, si baba yake. Baba yake, aliyewahi kujing'oa jino kwa koleo, alikuwa anaogopa ile sindano ndogo kuliko unywele. Binti akaniambia nipime mara mbili kwa wiki, jioni, kabla hajala.

"Mama, ukipima ameshakula utapata namba ya chakula, si namba ya mwili. Mfute kidole kwa spiriti, mchome, weka damu, subiri. Halafu andika."

Nikaandika kwenye daftari la mtoto, tarehe na namba. Mpaka umri ule sikuwa nimeelewa nukta katika hesabu ni ya nini. Mashine ndiyo iliyonifundisha kwamba saba nukta mbili ni saba na kipande.

Sasa sikia jambo lenyewe. Ili damu isidondoke ovyo ilinibidi nimshike mkono. Namshika kiganja kwa mkono wa kushoto, kidole chake nimekibana, mashine iko kwenye paja langu, tunasubiri thelathini. Yeye ameangalia pembeni, kwenye kahawa, asiione damu. Mkono wake ulikuwa mzito na mkavu, una ngozi ngumu hapa chini ya kidole gumba, mahali pa mpini. Miaka thelathini na kitu nimeishi naye, na ile ngozi ngumu sikuijua. Jioni ya kwanza, namba ilipotoka, hakuvuta mkono mara moja. Nami sikuuachia mara moja. Kisha akauliza, "Ngapi?" Nikamwambia saba. Akasema, "Basi tule," akasimama.

Tangu siku hiyo Jumatano na Jumamosi zikawa siku zangu. Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani, mwanamke mwenye wajukuu, kwamba anangoja Jumatano ili ashikwe mkono na mumewe? Miezi mitatu minne tuliendelea hivyo. Saba, nane, sita na nukta, saba. Spiriti ilikwisha mwezi wa pili, kizibo kilipotea ikapaa hewani. Nikawa namfuta kidole kwa ncha ya khanga.

Halafu kahawa ikaiva.

Zamani, wakati wa ushirika peke yake, kahawa ilikuwa na siku zake. Ulijua siku ya kupeleka, ukamenya kwa mpango. Soko lilipofunguliwa wakaja wanunuzi na pikapu zao, leo huyu kesho yule, hawatangazi wanakuja lini. Aliyekuwa na kahawa imemenywa na kukauka ndiye aliyeuza. Kwa hiyo mume wangu akawa anachuma asubuhi na kumenya jioni, karibu kila siku ya Mungu. Tulikuwa na mashine ya mkono ya kumenyea, yeye anazungusha gurudumu, mimi namimina zile mbivu juu, maganda mekundu yanatoka huku, buni zinatoka kule zimevaa ute wao. Aliyemenya kahawa anaujua ule ute. Unateleza, unanata, na ukiuonja ni mtamu. Watoto wetu walikuwa wanafyonza kahawa mbivu kama peremende na kutema mbegu.

Maji nayo yalikuwa kwa zamu. Mfereji ulikuja kwetu siku mbili kwa wiki, na maji yote ya msimu ni ya kahawa. Jioni akimaliza kumenya alikuwa anachovya mikono kwenye karai lililolowekewa buni, anaisugua, anaikung'uta, anakuja kukaa kwenye kigoda chake. Mikono imelowa, inang'aa. Nani angesema si safi? Kunawa kwenyewe, kwa maji ya moto na sabuni, kulikuwa kunakuja na chakula. Nyumbani kwetu maji ya kunawa yanaletwa na aliyeleta sufuria. Baba ananawishwa, anabariki chakula, anamega. Huwezi kumnawisha mtu kisha ukamwacha anangoja, ni kama kumdhihaki. Na kipimo kilitakiwa kabla ya chakula. Kwa hiyo ilikuwa napima, halafu naleta maji, halafu naleta chakula. Naeleza yote haya ili mnielewe, si kwa kujitetea.

Jumatano ya kwanza ya msimu, mashine ikahesabu thelathini zake, ikatoa kumi na nne.

Nikafikiri nimekosea, nikatumia kijiti kingine. Kumi na tano. Jumamosi ikatoa kumi na sita. Wiki iliyofuata kumi na tatu, kisha kumi na saba. Nikamuuliza amekula nini. Akasema nilichompikia. Nikamuuliza tena, akanitazama.

Tukaenda kliniki mjini siku yake ilipofika, asubuhi, ameoga, hajala kitu. Pale wakampima wakapata sita. Daktari akamsifu. Nami nilikaa kwenye benchi na daftari langu kwenye kikapu nisilitoe, kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Nilijua kama wanavyojua wake wote. Huyu mtu, nikasema moyoni, anajizuia siku mbili tatu kabla ya kliniki, anampelekea daktari namba nzuri, halafu akirudi nyumbani anaramba sukari. Niliwajua wanaume watatu wanaofanya hivyo hivyo na mmoja wao alikuwa amekatwa mguu.

Nikaanza kumchunga. Kopo la sukari nililihamishia ndani ya debe la maharage. Nilimnusa mdomo akiwa amelala mchana. Nilikwenda kwa mke wa rafiki yake, mama mmoja aliyekuwa anapika pombe ya mbege, nikajifanya naomba moto, nikauliza kama mzee wangu hupita pale. Akaniambia hajapita tangu kwaresma. Sikumwamini naye. Na jioni za kupima zikabadilika. Nilimshika kidole kama unavyoshika kuku, macho yangu yote kwenye kioo cha mashine. Namba ikitoka nauachia mkono pale pale. Yeye akaacha kuuliza ni ngapi.

Mwezi wa nane kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa shemeji yangu, kaka mdogo wa mume wangu. Waliokuwapo pale uani nawakumbuka wote kwa majina, na majina ya mama zao, hata la ng'ombe aliyetoa maziwa ya chai ile. Nimewaachia wenyewe majina yao. Wanaume walikaa upande wao, machalari yakaletwa, ndizi na nyama, na baadaye chai kwenye birika kubwa, tayari ina sukari ndani kama chai za sherehe zote. Mume wangu akamiminiwa kikombe. Alikuwa amekishika tu, anaongea na mwenzake. Labda angekunywa, labda angekiweka chini, mpaka leo sijui. Nilivuka ua wote ule, nikamnyang'anya kikombe mkononi, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba mtu huyu anaiba sukari kama mtoto, na mashine ninayo inayosema.

Wanaume walicheka. Shemeji yangu akasema, "Shemeji, mvalishe kengele basi, kama mbuzi wa shamba la watu. Akienda kwenye sukari tutamsikia."

Wakacheka tena. Mume wangu alicheka nao kidogo, kwa heshima ya sherehe. Akapangusa mkono wake kwenye suruali pale chai ilipommwagikia.

Njiani tukirudi alitangulia kama kawaida. Tulipofika kwenye daraja la mfereji alisimama, na hakugeuka.

"Mama," akasema, "sukari sijaionja tangu Pasaka. Ukitaka kuiamini mashine iamini. Lakini usiniseme mbele ya watu."

Nikamjibu, "Mashine haina mdomo wa kumsingizia mtu."

Alivuka daraja. Akaendelea kutembea.

Hayo ndiyo maneno ninayotamani kuyarudisha, kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kusema katika maisha yangu. Na kama ningekomea hapo ingekuwa nafuu. Lakini namba hazikushuka. Nikapunguza chakula chake nusu, ndizi mbili badala ya nne, ugali kama ngumi ya mtoto, loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando iliyomlea, akaisahau kabisa. Nikaona haitoshi. Nikaanza kumpa vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Sikumuuliza daktari. Nilimwambia mume wangu kwamba namba ndizo zinazotaka, naye akanyoosha kiganja akavipokea. Akameza. Alikuwa amekonda, mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na anachuma kahawa tangu alfajiri kwa nguvu zilezile.

Siku ile ilikuwa Alhamisi. Kama saa tano asubuhi nilisikia ndoo ikianguka huko kwenye kahawa, kisha kimya. Nilimkuta amekaa chini kati ya mistari, mgongo kwenye shina, kahawa mbivu zimemwagika mapajani. Shati lake limelowa jasho na hewa ilikuwa ya baridi. Nikamwita. Akanijibu maneno ya mlevi, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nami nikasema, sasa sukari imempanda kichwani.

Nikakimbia ndani nikaleta mashine. Nikamfuta kidole kwa khanga, nikamchoma. Thelathini zile zilikuwa ndefu. Ikatoa kumi na nne.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa amefika na kikombe cha uji wenye sukari, akataka kumnywesha, akisema mtu akitetemeka hivyo ni njaa. Nikamsukuma mkono. Nikamwonyesha namba. Nilimwambia unataka kuniulia mume? Uji ukamwagika. Ndivyo nilivyofanya, kwa mkono wangu huu.

Alichokifanya Mungu ni pikapu. Mnunuzi wa kahawa, kijana wa mjini ambaye hatukumngoja siku hiyo, alikuwa anapanda na gari lake kuuliza kama tuna mzigo. Akamwona mzee, akashusha magunia ya watu bila kuuliza, tukamlaza nyuma, mimi nimempakata kichwa, mashine na kikopo cha vijiti nimevifunga kwenye khanga. Tukateremka mpaka kituo cha afya kilichoko kando ya barabara kuu.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mnene, sauti ya chini. Alimtazama mume wangu mara moja. Akachukua pamba yenye maji, akamsugua kidole sana, akamkausha, akampima kwa mashine yao. Wakati inahesabu nilikuwa namweleza kwamba imepanda, ni kumi na nne, nimepima mwenyewe sasa hivi. Akaitazama namba, akamwita mwenzake, wakakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, vijiko vingi, wakamwinua wakamnywesha kidogo kidogo.

Nikapiga kelele. Nakumbuka kwamba nilimshika nesi mkono. Akasema, bila ukali, "Mama, ana mbili. Mbili nukta moja. Ukinishika mkono atakufa."

Nikamwachia.

Sijui ilipita dakika ngapi. Mume wangu alifumbua macho vizuri, akatazama dari, akanitazama mimi. Akauliza nani anaangalia ng'ombe.

Nilipoacha kulia nesi aliomba kuiona mashine yangu. Akaigeuza, akalinganisha namba ya kikopo cha vijiti na ile inayotokea kwenye kioo, maana hutakiwa kulingana, zikawa sawa. Akaniuliza vijiti navitunza wapi, nikamwambia sandukuni, mbali na jiko, kama alivyonielekeza binti. Akasema vizuri. Akampima mume wangu kwa mashine zote mbili, kidole kilekile kilichooshwa. Ya kwao ikasema tano nukta nane, yangu ikasema sita nukta tatu.

Nikamwambia unaona, hazifanani.

"Hizi ni ndugu, mama," akasema. "Tano na kitu na sita na kitu ni ndugu. Mashine ya nyumbani haiwi sawasawa na ya hospitali, inatofautiana kidogo na hakuna ubaya. Lakini mbili na kumi na nne si ndugu. Hapo kuna kitu kimeingia katikati."

Akaushika mkono mwingine wa mume wangu, ule ambao hakuuosha. Akaugeuza. Kucha zilikuwa nyekundu nyeusi, na katikati ya vidole kuna ute uliokauka, unang'aa kama njia ya konokono. Akaunusa. Akatabasamu, nikajua huyu naye amezaliwa mashambani.

Mfukoni mwa shati la mume wangu mlikuwa na kahawa mbivu mbili tatu zilizodondokea humo. Nesi akachukua moja, akaiminya kwa vidole vyake mwenyewe, akajisugua kwenye kidole cha shahada. Akakiacha kikauke. Halafu akajichoma, akaweka damu yake kwenye mashine yangu. Tulisubiri wote, na mume wangu pale kitandani ameinua kichwa. Thelathini. Ikatoka kumi na sita.

Nesi akaenda kwenye bomba, akanawa kwa sabuni, akajifuta, akajichoma tena. Tano.

"Mashine yako nzima, mama," akasema. "Ila ulikuwa unapima kahawa. Babu hujampima."

Mume wangu akacheka. Kicheko chake kile cha puani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu msimu uanze. Mimi sikucheka. Nilikuwa naziona namba za daftari langu zote, kumi na nne, kumi na sita, kumi na saba, moja baada ya nyingine, na kila namba na jioni yake. Na kikombe kile cha chai. Na kile cha uji.

Nilipomweleza habari ya vidonge nesi alinigombeza, kwa haki yake, akaniambia vidonge vinaongezwa na daktari, haviongezwi na daftari. Akasema namba ikinishangaza nimnawishe kwanza, nipime tena, na mtu akitetemeka na kutoa jasho nimpe kitu kitamu hata mashine ikisema nini. Tukarudi jioni kwa pikapu ileile.

Kwetu Uchagani, mtu akimkosea mwenzake kosa zito hukata jani la isale, lile linalopandwa mipakani, akalipeleka. Akishaletewa isale, aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe. Kulikuwa na masale mpakani kwetu, nilikuwa nimeyapanda mwenyewe kwa mbegu ya nyumbani. Jumamosi ile nilikwenda hadi pale na kisu. Nikasimama. Nikaona jani ni la watu wanaokaa nyumba mbalimbali. Nikarudi jikoni.

Nilichemsha maji. Nikayapooza kwenye beseni, nikachukua sabuni ya kuogea aliyotuletea binti yetu na taulo la wageni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ametoka kumenya kahawa. Nikapiga magoti mbele yake, nikaiingiza mikono yake yote miwili kwenye maji. Nikamwosha kidole kimoja kimoja, chini ya kucha, katikati ya vidole. Maji yakawa ya rangi ya chai.

Akaangalia jikoni. "Chakula kiko tayari?" akauliza.

"Bado," nikasema.

"Sasa unaninawishia nini?"

Nikataka kusema yote. Kikombe, mbuzi na kengele, daraja la mfereji. Nikasema tu, "Nisamehe, Baba."

Aliitazama mikono yake. Kisha akasema, "Kucha za mkono huu umeziruka."

Nikaziosha. Nikamkausha, nikamchoma, nikaweka damu. Mashine ikaanza thelathini. Safari hii hakuangalia kwenye kahawa. Namba ilipotoka ilikuwa saba na kitu, nami nikamwambia kabla hajauliza, na hakuna aliyevuta mkono mpaka maji ya ndizi yalipochemka yakazima moto.

Tulifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Vijiti vilipokosekana madukani nilimnawisha vilevile, Jumatano na Jumamosi, nikamshika kidole, tukakaa. Wanawe walitukuta hivyo mara moja wakadhani mashine imeharibika. Hakufa kwa sukari. Alikufa kwa kifua, mwezi wa sita, wakati kahawa ni mbichi bado, na siku ya mwisho nilimnawisha ingawa hakukuwa na cha kupima.

Shamba sasa analima mwanangu wa tatu. Kahawa nyingi imeng'olewa, wamepanda nyanya na maua ya kuuza. Mimi nimeletwa hapa Kimandolu kwa sababu ya magoti, na mwaka wa pili nikiwa hapa sukari ikanipata na mimi. Mjukuu wangu ananipima kabla hajaenda kazini. Nilimfundisha mimi, pamoja na mashine yake ya tano na uhodari wake wote. Anileteapo vifaa namwambia alete beseni kwanza.

Jana asubuhi ilikuwa wazi, mlima umetoka wote mpaka kileleni. Mjukuu aliniosha, akanichoma, akasema, "Bibi, saba nukta moja, nzuri sana," akataka kuondoka. Nilikuwa bado nimemshika mkono. Mkono wake ni laini, mikono ya kompyuta, hauna ngozi ngumu popote. Akaniuliza kama kuna kitu nimesahau.

Nikamwambia asubiri kidogo. Katika thelathini zangu nilikuwa nimefika ishirini na mbili.